Mikono Inayongoja Macho Yatulie

Kitanda cha daktari huyu hakijaegemezwa ukutani. Kimesimama katikati ya chumba, na upande wa kichwani pana nafasi ya mtu kusimama na kugeuka bila kugonga kitu. Mto haupo mahali mito inapokaa. Umeshushwa chini kidogo, pale mabega ya mgonjwa yatakapofikia. Pembeni kuna kigoda cha magurudumu, beseni dogo la kutapikia, taulo safi, na otoskopu ya kuchungulia masikio. Ukutani kuna saa yenye mshale wa sekunde. Mtu akipiga jicho mlangoni anaweza kudhani vifaa bado havijaletwa, kumbe ndivyo vyote hivyo.

Ni kliniki ya masikio, pua na koo jijini Dar es Salaam, na asubuhi hii wanaongoja kwenye benchi ni watu wa kizunguzungu. Unawatambua kwa namna wanavyogeuka wakiitwa: shingo haigeuki peke yake, unageuka mwili mzima, polepole, macho yakiwa yamekazwa sakafuni.

Anayeingia kwanza ni mama aliyevuka miaka sitini, muuza vitumbua, ameshikwa mkono na binti yake. Daktari, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake mwingine, anasimama kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ila leo mie sijiwezi."

Binti anafungua mkoba na kutoa bahasha za dawa: vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kizunguzungu vya aina mbili, karatasi inayosema malaria hakuna, na kijitabu cha presha chenye namba nzuri tu. Mama amepimwa kila kinachopimika kwa urahisi. Jirani naye amekwisha kumwambia kwamba kuna mtu kamchezea. Daktari anazisoma karatasi zote, moja moja, kisha anazikunja na kuziweka kando. Hataki kuanzia hapo.

"Mama, ukifanya nini ndipo kinakuja?"

"Nikigeuka kitandani. Saa tisa usiku naamka niwashe jiko, nikijigeuza tu, chumba kinaondoka. Na kwenye swala, nikisujudu. Siku hizi nasalia kwenye kiti."

"Chumba kinazunguka, au macho yanaingia giza ukisimama?"

"Kinazunguka. Dari yote inakwenda."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu, mwanangu. Nusu saa."

Daktari habishani na nusu saa. Anamwomba mama afumbe macho, ajirudishe kwa mawazo kwenye kitanda chake usiku ule, ajigeuze, na aseme "basi" pale mzunguko unapokoma. Yeye anainua macho kwenye saa. Mama anasema "basi" kabla mshale haujamaliza nusu ya duara. Kilichobaki cha ile nusu saa kilikuwa kichefuchefu, jasho na hofu, na daktari anayaandika hayo pia, kwenye mstari wake.

Majibu hayo, yaani kinachokianzisha, kinavyokuwa na kinavyodumu, yanachuja magonjwa kuliko mashine nyingi. Anayeingiwa giza akisimama ghafla, mara nyingi ni presha inayoshuka. Anayezungukiwa siku mbili tatu mfululizo hata akiwa amelala kimya, huenda neva ya sikio la ndani imevimba. Anayezungukiwa kwa saa nzima au zaidi huku sikio moja likivuma na kuziba, huyo ana maradhi mengine. Na anayezungukiwa chini ya dakika moja, kila anapogeuza kichwa upande uleule, mkosaji wake karibu anajulikana.

Karibu, lakini bado. Daktari anamwambia mama atabasamu, aonyeshe meno. Afuate kidole kwa macho. Aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua tena. Anyooshe mikono mbele akiwa amefumba macho. Atembee hatua chache hadi dirishani na kurudi. Anamsikiliza anavyotamka maneno, na hilo amekuwa akilifanya tangu kwenye marahaba. Anachokitafuta ni kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, ambacho huweza kujifanya ugonjwa wa sikio kikampita tabibu asiye makini. Hakipo. Anachungulia masikio kwa otoskopu: kiwambo kinang'aa, hakuna usaha, hakuna nta iliyoziba. Mwisho anauliza kama shingo imewahi kuumia, anaigeuza taratibu kulia na kushoto, kwa sababu kazi yote inayofuata itapita kwenye shingo hiyo.

Ndani ya mfupa wa fuvu, kila upande, mna mifereji mitatu ya nusu duara. Imepangwa kama sakafu na kuta mbili zinavyokutana kwenye pembe ya chumba, kila mmoja umekaa usawa wake, ili kichwa kigeuke vyovyote vile pasikose mfereji wa kuhisi. Mna majimaji. Kichwa kikizunguka, majimaji huchelewa kidogo, yakausukuma utando laini uitwao kupula, vinywele vya seli vikapinda, ubongo ukapata habari. Karibu na mifereji kuna kifuko kiitwacho utrikuli, ambacho kazi yake ni kupima mwinamo na mwendo wa kunyooka. Kwa ajili hiyo kimebebeshwa tabaka la punje za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa. Ni ndogo mno. Zile kubwa hufikia mikroni 30 hivi, yaani sehemu tatu za mia za milimita.

Punje hizo hutumika kwa sababu zina uzito, na uzito huohuo ndio unaoleta balaa. Kwa umri, kwa pigo la kichwa, mara nyingi pasipo chanzo cha kuonekana, baadhi hubanduka na kuingia kwenye mfereji usio wao. Aghalabu ni mfereji wa nyuma, kwa kuwa ndio unaokaa chini kabisa, mtu akiwa amesimama na hata akiwa amelala chali. Mtu akijigeuza, punje huporomoka ndani ya mfereji na kuyaburuta majimaji, na ubongo unaambiwa kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimekwisha kutulia. Macho hupokea amri hiyo na kuanza kukimbiza mzunguko ambao haupo. Kwa hiyo daktari huyataka macho. Sikio la ndani hawezi kuliona, lakini macho humsimulia.

Anamketisha mama kitandani, miguu imenyooka mbele. Anaomba ruhusa ya kukishika kichwa juu ya mtandio, anamsaidia kuvua hereni. Kisha anasema maneno ambayo kwangu mimi ni sehemu ya tiba: "Kitakuja, mama. Nataka kije. Usifumbe macho, niangalie puani, na mimi sikuachii." Anageuza kichwa nyuzi 45 upande wa kulia. Viganja viwili vimekamata, gumba mbele ya sikio, vidole vingine vimetandazwa kisogoni. Anahesabu hadi tatu, na kwa mwendo mmoja usiosita anamlaza chali, hadi kichwa kinaning'inia nyuma ya mto, chini ya usawa wa mabega kwa nyuzi 20 hivi.

Hakuna kinachotokea. Sekunde ya pili, ya tatu, ya tano. Mwenye haraka angekwisha kumwinua mgonjwa na kuandika kwamba hakuna kitu. Huyu hapepesi jicho. Punje zinahitaji muda kabla hazijaanza kuporomoka, na kule kuchelewa kwenyewe ni ushahidi.

Halafu macho yanaanza. Yanaruka kwenda juu, na wakati huohuo yanajisokota, sehemu ya juu ya jicho ikipigwa kuelekea sikio lililo chini. Yanarudi taratibu, yanaruka tena, mbio zaidi. Madaktari huita nistagmasi. Mama anapiga yowe na kumdaka daktari mikono; binti amekwisha kusimama. Viganja havitikisiki. Daktari anahesabu kwa sauti ya chini huku akitazama mambo mawili tu: yanaelekea wapi, na yanazidi au yanapungua. Yanapungua. Dakika haijatimia, yametulia.

"Ni sikio la kulia," anasema. "Mfereji wa nyuma."

Jaribio hili lilielezwa mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike, wote wa London. Dix alikuwa akiuendea upasuaji, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili shambulio la ndege lilimjeruhi uso na kumwingiza vigae vya kioo machoni, na njia hiyo ikafungwa. Sipendi kulazimisha maana kwenye msiba wa mtu, ila siwezi kuacha kusema kwamba mwanamke aliyeumizwa macho ndiye aliyetufundisha kuyatazama macho ya wengine kwa uvumilivu kiasi hiki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa mapema zaidi, mwaka 1921, na Robert Bárány, yule aliyetangaziwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 akiwa mfungwa wa vita Urusi. Watu walijua unavyokuwa, wakajua namna ya kuupima. Kuutibu ndiko kulikochelewa.

Mama bado amelala, kichwa kinaning'inia upande wa kulia. Mkao huu wa kupimia ndio pia hatua ya kwanza ya tiba. Macho yametulia, lakini daktari anabaki palepale, anaipa saa nafasi yake, kwa kuwa macho kutulia hakuna maana kwamba punje zimefika chini. Anazipa dakika kamili.

Hatua ya pili ni kugeuza kichwa nyuzi 90 kwenda kushoto bila kukiinua. Hilo la kutokuinua ndilo linalowashinda wanaojifunza. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano; mkono huchoka, kidevu hupanda kidogo, punje zikarudi zilikotoka. Kabla ya kugeuza, daktari anasogeza kigoda kwa mguu na kubadilisha viganja kimoja kimoja, pasipo kichwa kuachwa hata kidogo. Nilielewa sababu alipomaliza: viwiko vyake vimenyooka mahali mzunguko ulipokomea. Alikuwa ameupanga mwisho wa mwendo kabla ya kuuanza. Macho yanaruka tena, kwa udhaifu, kwa mwelekeo uleule wa mwanzo, na kwa mara ya kwanza naona uso wa daktari umelegea. Mwelekeo uleule ni habari njema, punje zinasonga mbele kuelekea njia ya kutokea. Zingekuwa zinarudi nyuma, macho yangepiga kinyume, na kazi ingeanza upya.

Dakika nyingine.

Hatua ya tatu inataka mwili. Binti anaambiwa ashike magoti ya mama yake. Mama anajigeuza ubavu wa kushoto, kichwa na bega vikienda pamoja, kisha kichwa kinaendelea peke yake hadi pua iangalie sakafu. Ni nyuzi 90 nyingine. Sasa macho ya mgonjwa hayaonekani kutoka juu, kwa hiyo daktari anapiga goti sakafuni, koti lake jeupe likigusa vigae, na kuchungulia kutoka chini huku mikono yake ikiwa bado imekibeba kile kichwa. Mama anauliza kama imekwisha.

"Bado, mama yangu. Zinatembea polepole, tuzisubiri."

Dakika ya kushikilia kitu ni ndefu. Nje mhudumu anaita namba, simu inaita mahali fulani, mtu anagonga mlango, anagonga tena. Daktari haugeukii mlango. Nilidhani angetumia muda huo kueleza jambo, au kuniambia mimi niliyekuwa nikiandika. Hakusema neno. Sijaona kazi nyingine ya mikono ambayo sehemu yake ngumu kabisa ni kutofanya chochote, na kutofanya huko kwa uangalifu hivi.

Hatua ya nne ni kuketi. Miguu inashushwa upande wa kushoto wa kitanda, kidevu kinainamishwa kifuani, na mwili unanyanyuliwa wote kwa pamoja. Katika kitendo hicho punje zinatakiwa zipite mahali mifereji miwili inapoungana na kudondoka ndani ya utrikuli, kwao. Wagonjwa wengi hutupwa nyuma ghafla wakati huu. Daktari anajua, na mkono wake mmoja umeshapita mgongoni mwa mama kabla hajamwinua. Mama anatupwa kweli, nusu shubiri tu, akakuta mkono upo.

Aliyetupa mpangilio huu ni John Epley, daktari wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Alianza kuuonyesha kwa wenzake mwaka 1980, na wengi hawakumwamini. Mgonjwa ametapika miezi, wewe unasema unamgeuza kichwa tu? Makala yake kamili ilichapishwa mwaka 1992. Nadhani waliomdharau walidanganywa na wepesi wa kazi inapotazamwa kwa mbali.

Mama anapumzika kwenye kiti, anapewa maji. Baada ya muda daktari anamrudisha kitandani na kurudia jaribio la kwanza: nyuzi 45, kulazwa, kuning'inia. Macho yametulia tangu mwanzo, lakini daktari anangoja muda uleule aliongoja pale yalipokuwa yakiruka, asipunguze hata sekunde. Mama anaangalia juu.

"Dari imesimama," anasema.

Vidonge vya kizunguzungu havirudi mkobani. Prochlorperazini na sinarizini hupunguza kichefuchefu, na zina siku zake, lakini haziwezi kuisogeza punje hata moja. Zikimezwa kwa muda mrefu huleta usingizi na kuuchelewesha ubongo kujizoesha. Vya damu daktari anaviacha kwa aliyeviandika. Anamwambia mama kwamba leo na kesho anaweza kujihisi anaelea, kwamba itapita, na kwamba takriban nusu ya wanaopona hurudiwa ndani ya miaka michache. Ikirudi, kitanda ni hikihiki.

Wagonjwa waliofuata walinionyesha kwamba ustadi wake hauishii kwenye kugeuza vichwa. Mwalimu mmoja alikuwa na sikio la kushoto lililovuma na kusikia kulikoshuka kila anapozungukiwa, saa mbili, saa tatu kila mara. Hayo ndiyo aliyoyasema Prosper Ménière huko Paris mwaka 1861, kwamba mashambulizi ya namna hii yanatoka sikioni, wakati madaktari wa zama zake wakiyahesabu kuwa ya ubongo. Huyo hakugeuzwa kabisa. Alipelekwa kupimwa usikivu, akaambiwa apunguze chumvi, akapewa daftari la kuandika kila shambulizi na saa yake.

Kisha kijana aliyewahi kutibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano. Hazungukiwi, ardhi ndiyo inayotikisika anapotembea, na gizani hawezi kwenda bila kushika ukuta. Streptomisini, kanamisini na amikasini zimeokoa maisha ya watu wengi, lakini huweza kuua seli za vinywele za sikio la ndani, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge mahali pa sindano hizo kwa wagonjwa wengi. Kwa kijana huyu kilichobaki ni kuufundisha ubongo. Daktari aliandika herufi moja kubwa kwenye kadi, akambandikia ukutani, na kumwambia atikise kichwa kulia na kushoto huku herufi ikibaki inasomeka. Ikianza kucheza, apunguze mwendo. Mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Akasimama pembeni yake na kutikisa chake pia, hadi kijana alipopata mwendo unaomfaa.

Msomaji, ukizungukiwa na papo hapo ulimi ukawa mzito, ukaona vitu viwiliviwili, mkono au mguu ukalegea, kichwa kikauma kuliko ulivyozoea, au ukashindwa kabisa kusimama, usingoje kliniki. Kimbilia idara ya dharura saa hiyohiyo. Lakini kama ni kile cha kugeuka kitandani, kinachokwisha kabla ya dakika, kumbuka ni ubavu gani uliogeukia, na ukifika hospitali mwombe daktari akulaze na kuyatazama macho yako kabla hajashika kalamu.